Karai Msilioshe

Tuliondoka Shinyanga mjini saa kumi na mbili asubuhi, watu sita na furushi moja la khanga. Hiyo ndiyo iliyokuwa stoo nzima ya kikundi chetu cha maigizo. Mchezo ulihusu zebaki, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi hata kuchungulia duara, yaani shimo la dhahabu, tulikubaliana kwamba vifaa vyote tutaviazima huko huko tuendako, Rwamgasa, mkoani Geita. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza vifaa. Mzee wetu, ambaye kila mchezo hupewa nafasi ya mganga, alinicheka njia nzima: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tinde, Isaka, Kahama, lami tupu, nikasinzia. Kahama tukajibana kwenye mchomoko, wanne siti ya nyuma na wawili mbele pamoja na dereva, tukashika njia ya Kakola. Hapo usingizi ukaisha. Mimi nimekulia kwenye pamba, mpunga na hadithi za almasi ya Mwadui. Dhahabu niliijua masikioni mwa shangazi tu. Sasa uzio wa mgodi wa Bulyanhulu ukawa unapita dirishani, na mbele yake vibanda vya chipsi, mafundi pikipiki, na vumbi jekundu juu ya kila kitu, hadi kope za dereva.

Kabla ya kufika Rwamgasa tulisimama kwa kikundi kimoja cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe iliyozaliwa shambani, watu wakilima kwa pamoja huku mpigaji akiwaongoza. Tulitaka kuazima ngoma moja kubwa, kwa siku mbili. Kiongozi wao alitukaribisha vizuri, akatuletea viti, kisha akauliza, "Ninyi ni Bagika au Bagalu?"

Vijana tukatazamana. Swali hilo lina umri wa karne nzima na zaidi. Tangu enzi za mahasimu wawili wa karne ya 19, wachezaji wa Usukuma wamegawanyika kambi mbili. Baada ya mavuno hukutana uwanja mmoja, kila kambi na upande wake, wakicheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Hakuna jaji zaidi ya miguu ya watazamaji. Kwa hiyo kumpa mtu ngoma bila kujua kambi yake ni kama kumpa jirani panga bila kuuliza anakwenda kukata nini.

"Sisi waigizaji tu, baba," mzee wetu akajibu. Wakacheka, ngoma ikatolewa. Nikainama niibebe. "Hiyo haitoki bila mpigaji wake," kiongozi akasema, na kijana mmoja mwembamba akanyanyuka na kikoba chake begani, tayari. Nauli yake juu yetu, ugali wake juu yetu, mahali pa kulala juu yetu. Nilinung'unika moyoni, nakiri. Lakini jioni ile kwenye mazoezi alituharibia mchezo vizuri kabisa: tulipomfikisha mchimbaji kwenye kifo, akagoma kupiga polepole. Akasema hapa mtu akifa duarani watu hawaanzi kwa kulia, wanaanza kwa kukimbia. Tukakipanga upya kile kipande. Nadhani Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijua kwamba ngoma huja na mpigaji wake walipokwenda Malya, Kwimba, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuunda michezo pamoja na wanakijiji kwa ngoma za pale pale.

Kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, kuazima kulikuwa na sheria nyingine. Nilimwomba mwenye mwalo magunia yake ya mkonge tuyafanye pazia. Akaniangalia kama mwizi. Udongo uliosagwa kwenye karasha hupitishwa na maji juu ya magunia hayo, na dhahabu hunasa kwenye nyuzi. Gunia ambalo halijakung'utwa ni mshahara wa mtu. Badala yake akatupatia mbao, bure.

Karai nilipewa na mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye tope hadi magotini, akichanganya zebaki kwa mkono mtupu, ule ule mkono ambao mchezo wetu ulikuja kuuzungumzia.

"Chukua mwanangu. Ila msilioshe."

"Hata tope, mayu?"

"Hilo tope ndilo usiliguse."

Siku mbili karai lile lilikaa jukwaani na uchafu wake. Usiku nililala nalo kichwani pangu, nimelifunika khanga. Asubuhi ya kuondoka nikamrudishia. Hakuniuliza mchezo ulikwendaje, ingawa nilimwona amesimama nyuma ya umati. Alimimina maji kidogo, akalizungusha taratibu, akainamisha uso hadi pua ikakaribia ukingo. Akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akalimwaga tope kwenye kopo lake, akafunika, akaniuliza kama tumekunywa chai.