SIO UNGA, SIO MAJINI: UKWELI KUHUSU DADA YETU WA KWENYE VIDEO

Wadau, jina simtaji, na mkikisia kwenye komenti sijibu. Mnamjua kwa sura, video za Bongo Fleva kacheza kibao. Tumepanga nyumba moja hapa Sinza, na mwenyewe kaniruhusu niandike.

Ile video ya sekunde chache mliyosambaza, anaongea peke yake huku anachunachuna shuka, mkasema kavuta unga. Wengine mkasema majini mahaba. Mimi nilikuwepo chumbani.

Wiki mbili kabla, mimba ilitoka. Akanyamaza, anaogopa midomo ya mitandaoni. Tumbo la chini likawa linamuuma, anameza panadol, anaenda kushuti. Jumamosi hiyo ndo akaanza kumwita marehemu mama yake, hajui yuko wapi, mimi mwenyewe ananiita jina lingine. Shangazi yake akataka mganga. Nilivyomgusa, anaungua kama pasi, na anahema haraka haraka. Mama mwenye nyumba akasema, "Mganga atasubiri, homa haisubiri." Tukaita bajaji.

Swali la kwanza la daktari: "Siku zake mara ya mwisho aliona lini?" Tukatazamana. Mtu kichwa kimeruka, unauliza hedhi? Kumbe ndo penyewe. Ultrasaundi ikaonyesha mabaki ya mimba yamebaki kwenye kizazi, yameshaingia wadudu.

Alivyotuelewesha ni hivi: maambukizi yakiingia kwenye damu, mwili unapigana nayo mpaka unajiumiza wenyewe. Presha inashuka, viungo vinaanza kugoma, na ubongo nao unavurugika. Kuchanganyikiwa ghafla ni alama ya hatari kabisa, mtu anaweza kufa ndani ya muda mfupi.

Akawekewa dripu na antibayotiki za mshipa, akasafishwa kizazi. Siku ya tatu akafumbua macho, akauliza, "Simu yangu nani kachukua?" Tukajua karudi.

Sasa dada zangu, mimba ikitoka, au umejifungua, halafu ukaona homa, tumbo la chini linauma, uchafu unanuka, au damu haikati, nenda hospitali. Usione aibu. Na ndugu ukiona mtu kaanza kuweweseka ghafla, mguse kwanza kama ana joto, umkimbize. Hata kama hana joto, mkimbize tu.

Na wewe uliyeposti ile video, yeye yuko hai na kaiona. Ifute.