Hela ya Mwaka 1905

Mwezi wa Agosti, mahindi yakishavunwa na mabua yakiisha kulala, mashamba ya Songea huonyesha uso wao. Udongo mwekundu hubaki wazi, na mtu aendaye kwa miguu kuelekea Peramiho huweza kuyahesabu matuta hadi macho yachoke. Ni katika majira hayo binamu yangu aliponipigia simu kunieleza kwamba amepata ditekta, ile mashine ya kutafutia madini ardhini, ya kukodi kwa siku tatu, na kwamba anahitaji mtu wa kuchangia nusu ya gharama. Yeye alikwisha kuuza magunia manne ya mahindi, na hayakuwa mahindi ya biashara bali ya chakula. Sitajitia usafi mbele ya msomaji: nilituma fedha siku ile ile, kisha nikapanda basi.

Habari za mali ya Mjerumani ni za siku nyingi katika mikoa ya kusini. Husimuliwa kwamba Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma mbele ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, walifukia masanduku ya rupia wakitumaini kurejea. Tangu hapo kila mti mkubwa na kila jiwe lenye mkwaruzo hudhaniwa kuwa alama. Simulizi hii haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1916, walipokuwa wamekatiwa njia ya kupata fedha kutoka kwao, Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe huko Tabora, zikiwamo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Tembo huyo ndiye anayewanyima watu usingizi mpaka leo, ingawa wengi wanaomtafuta hawajapata kumwona.

Tulianza asubuhi katika shamba la mjomba, milima ya Matogoro ikiwa bado imejifunika ukungu. Mashine yenyewe ni fimbo ndefu yenye sahani chini na vipokea sauti vya masikioni. Hupeleka nguvu za sumaku ardhini, na metali yoyote ikijibu, mwenye kuishika husikia mlio. Haibagui baina ya cha thamani na cha kutupwa kama tulivyodhani. Hadi adhuhuri tulikuwa tumefukua vizibo vya soda, misumari, kipande cha bati, bawaba ya mlango na jembe lililolika hadi likawa kama kijiko. Mjomba alikuwa amekaa kivulini akitutazama. Lile jembe aliliomba, akaligeuzageuza, akasema lilikuwa la mama yake.

Alasiri mashine ililia mlio mwembamba. Kiasi cha shubiri moja chini ya tuta tukapata kisarafu cha shaba nyeusi. Nilikisugua kwa kidole. Upande mmoja palikuwa na taji, maneno Deutsch Ostafrika, na mwaka 1905. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, palikuwa na tarakimu 1 na neno Heller.

Binamu yangu alishangilia. Mimi nilijua, kwa kuwa niliwahi kusoma habari za sarafu hizo, kwamba vya namna hii vilitengenezwa kwa mamilioni, na kwamba bei yake haiwezi kurudisha hata gunia moja. Lakini mjomba alipoomba asomewe kilichoandikwa, nami nikamsomea, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. “Kumbe ndiyo hela yenyewe,” alisema. Ndiyo. Neno tunalolitamka kila siku, tunapokuwa nazo na tunapokuwa hatuna, limetoka katika kisarafu hiki. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliacha hesabu ya zamani ya pesa 64 kwa rupia, ikaweka heller 100 kwa rupia moja. Dola ile ilianguka na sarafu zake zikaondolewa sokoni, lakini neno lake tumebaki nalo.

Usiku ule nilipiga hesabu kwa mwanga wa taa. Kodi ya nyumba katika miaka ile ilikuwa rupia 3, yaani hela 300. Aliyeangusha hela hii alipoteza sehemu moja katika 300 ya kodi yake. Yawezekana aliitafuta mpaka jua likazama. Na mwaka uliochapwa juu yake si mwaka wowote tu. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling’oa pamba ya Mjerumani. Mwezi Septemba vita vya Majimaji vilikuwa vimefika Ungoni. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa hapa Songea na kufukiwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa mwaka huo huo. Kisha ikaja njaa, wala haikuletwa na ukame: maghala yalichomwa na mashamba yakaharibiwa makusudi ili watu wasalimu amri. Wako wanahistoria wanaokadiria kwamba katika nchi yote iliyoguswa na vita hivyo walikufa watu wapatao 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi.

Siku ya pili binamu yangu alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa shamba, penye mkuyu. Chini ya mkuyu ule pana kipande cha ardhi ambacho hakijapata kulimwa tangu nilipokuwa mtoto, nasi hatukuwahi kuuliza sababu. Alipitisha mashine mara tatu. Kimya.

“Hapana kitu hapa, baba,” alisema, “labda mzigo uko chini sana. Tuchimbe tu.” Akanyanyua sururu.

Mjomba alikuwa amekwisha kusimama mbele yake. “Kitu hakipo,” alisema. “Watu wapo.”

Kisha akatueleza kile ambacho mama yake alimweleza alipomkabidhi shamba. Pale walilazwa watu waliokufa kwa njaa baada ya vita, wakubwa kwa watoto, bila sanda na bila jeneza. Majina yao hayakuhifadhiwa, kwa sababu waliowazika nao walikufa au walihama. Kilichohifadhiwa ni agizo moja tu: pasilimwe. “Mashine yenu inasikia chuma,” alisema mjomba. “Hawa hawakuzikwa na chuma.”

Binamu yangu aliiweka sururu chini. Sidhani kama aliogopa. Nadhani aliona haya, kama nilivyoona mimi. Sisi tulikuwa tumeuza chakula ili tutafute fedha juu ya makaburi ya watu waliokufa kwa kukosa chakula.

Sisemi kwamba ardhi isichunguzwe. Wasomaji wa visiwani wanaijua habari ya Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu. Sarafu zile zilitufunza historia ya watawala wetu wa karne ya 11 kwa sababu ziliandikwa pale pale zilipokuwa, zikiwa pamoja. Lau zingetawanyika mifukoni mwa wanunuzi, kila moja ingekuwa kipande cha fedha na basi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua masalia ya kale bila kibali, lakini inahesabu kuwa masalia yale yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo vita vya Majimaji vimebaki nje ya mwaka huo, na ulinzi wa mahali kama pale penye mkuyu, mara nyingi, ni kumbukumbu ya mzee mmoja.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwenye Makumbusho ya Majimaji, nikasimama mbele ya kaburi la pamoja. Hapo ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliposimama tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, ambalo jamaa zake wanaamini lilipelekwa Ujerumani. Niliwaza kwamba walionyongwa wana jiwe na wana siku yao kila Februari. Wale wa penye mkuyu wana mjomba.

Mashine ilirudishwa siku moja kabla ya muda wake, na fedha hatukurudishiwa. Kisarafu kipo kwa mjomba, ndani ya kikombe cha bati, pamoja na lile jembe. Nami niliandika katika daftari mahali kilipopatikana, kina chake na tarehe. Nilipolifunga, mjomba aliniuliza: “Na wale uliowakuta kimya, mpwa wangu, umewaandika?”

Nikalifungua tena.