Kucha za Bi Kizee

Ndugu wasomaji, huenda mtacheka mkiona ya kuwa mtu mzima, baba wa watoto na mfundishaji wa watu, amechukua kalamu aandike habari za kucha za paka. Chekeni, walakini someni hata mwisho, maana jambo hili dogo lilinitoa damu, likaleta maneno nyumbani mwangu, tena likanifunza neno ambalo ilinipasa kulijua zamani.

Nyumba yetu iko Kilwa Kivinje, karibu na pwani, mahali ambapo maji yakipwa huonekana matope na mizizi ya mikoko. Panya ni wengi huku. Mpunga au mtama ukiwekwa bila mlinzi, baada ya muda utakuta makapi tu. Kwa sababu hiyo, mwaka ule mtoto wetu wa kwanza alipoachishwa ziwa, mke wangu aliomba mtoto wa paka kwa jirani, akamleta katika kikapu. Paka huyo amelinda chakula chetu miaka 14. Watoto walimwita Bi Kizee tangu alipokuwa mdogo, maana alitembea polepole kwa adabu, kama bibi aendaye arusini.

Siku zote alikuwa na desturi ya kukwaruza shina la mwembe ulio nyuma ya nyumba. Hata alipozeeka akaacha. Akawa mtu wa kulala juu ya gunia, na usiku tulisikia kucha zake zikigonga sakafu, ko, ko, ko. Zilinasa katika mikeka na katika kanga. Basi siku moja wakati wa masika, binti yangu mdogo alimwinua ili ampakate, na paka akamparua mkono toka kiwiko hata kiganja. Mtoto akalia, mama yake akaja mbio.

Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, leo ni mkono, kesho ni jicho. Paka huyu na aondoke."

Jirani wetu akasema yu tayari kumtia katika gunia ampeleke Kilwa Masoko, wavuvi washushapo samaki, akale matumbo ya samaki huko. Nikajibu, "Wazee walisema, paka wa nyumba haingwa. Nipeni siku mbili nimkate kucha." Mke wangu akasema, "Mithali haitibu jicho."

Siku ya pili nalimwita mwanangu mkubwa. Tukamfunga Bi Kizee miguu kwa kamba, mwanangu akamkandamiza shingo, nami nikashika mkasi wa kukatia nguo. Nalidhani kazi itakwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Nguvu alizozitoa mnyama yule mkongwe sijui zilitoka wapi. Ukucha wa kwanza naliukata mno, damu ikatoka, naye akaniuma kidole gumba, akaponyoka katika kamba, akapanda hata chini ya paa. Alikaa huko siku mbili hali chakula.

Usiku ule kidole kilivimba, na asubuhi mkono mzima ulikuwa moto. Nikaenda zahanati, nikamchukua na binti yangu. Mganga akaniuliza kama nalikiosha kidonda kwa sabuni mara ile ile. Nikasema la, nalikifunga kitambaa tu. Akanikemea, na ilikuwa haki yake. Alinieleza ya kuwa meno ya paka ni membamba kama sindano. Tundu lake ni dogo kwa nje, lakini uchafu huingia ndani sana, kisha ngozi hufunga juu yake. Tena paka aweza kupata kichaa cha mbwa na kumwambukiza mtu, na dalili za ugonjwa huo zikiisha kutokea, mwisho wake ni mauti karibu kila mara. Kwa hiyo mtu aliyeumwa au kuparuliwa na paka aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende akaonwe siku ile ile, asingoje uvimbe. Mimi nikachomwa sindano, na mkono wa mtoto ukaangaliwa.

Nikirudi, mkono wangu umefungwa, nalipita kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi zamani. Alikuwa ameketi barazani.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, mwalimu. Umepigana na nani?"

Nikamweleza yote. Hakucheka. Akasema, "Chomboni hatukukosa paka, maana panya hula shehena, hula na matanga. Paka hashikwi kwa mikono minne, mwanangu. Ukimfunga, hujua anachinjwa. Wewe umemwonyesha mkasi mara moja tu, na mara hiyo ukamtoa damu. Je, ungekuwa yeye, ungekaa?"

Nikakosa jibu. Nikamwomba anifundishe, naye akanifundisha, nami nikafanya kama alivyoniagiza.

Juma la kwanza sikushika mkasi kabisa. Kila jioni nalimpa Bi Kizee vichwa vya dagaa, na alipokula nalimgusa mguu kidogo, nikauacha. Akiuvuta, sikumfuata. Juma la pili, akiisha kushiba na kusinzia juani, nalibonyeza kidole chake polepole kwa juu na kwa chini, maana hivyo ndivyo ukucha utokavyo katika ala yake, kisha nikampa dagaa mwingine. Juma la tatu nalileta mkasi mdogo wa kukatia kucha, nikakata vijiti vya ukuti karibu naye ili azoee sauti yake. Hata juma la nne ndipo nilipokata ukucha mmoja, mmoja tu, nikaondoka.

Hapo nalipata kuzitazama kucha zile kwa karibu. Paka ana vidole 5 katika kila mguu wa mbele na 4 katika kila mguu wa nyuma, yaani kucha 18. Ukucha wake ni matabaka. Anapokwaruza mti huvua ganda la nje lililochakaa, na chini yake uko ukucha mpya mkali. Paka mzee akiacha kukwaruza, maganda hukaa, ukucha huwa mnene, hupinda. Ukiuelekeza kwenye mwanga utaona ndani yake sehemu nyekundu. Hiyo ina damu na maumivu, usiiguse, kata ncha nyeupe peke yake. Ukucha ukiwa mweusi usiuone ndani, kata kidogo sana. Damu ikitoka, bandika unga wa ngano, ukandamize kitambo.

Siku ya tano ya kukata nalifikia kidole kile cha ndani cha mguu wa kuume wa mbele, kilicho juu, kisichogusa nchi. Ukucha wake ulikuwa umepinda kama pete, na ncha yake imeingia katika nyama ya kidole. Nikamwita mke wangu aone. Akatazama, akanyamaza, kisha akamwita binti yetu, akamwuliza, "Siku ile ulimshika wapi?" Mtoto akaonyesha mguu ule ule.

Basi Bi Kizee hakuwa mkali. Alikuwa anaumwa, nasi tulimhukumu bila kumwangalia. Mke wangu alimfunika mwili kwa kanga kuukuu, akauacha mguu ule nje, akampapasa kichwa, nami nikakata pete ile. Ncha ilitoka na usaha. Tulimwosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, na baada ya siku chache akaacha kuchechemea.

Neno moja zaidi. Paka kijana awindaye nje msimkate kucha, maana ndizo zimpandishazo mtini mbwa wakimfukuza. Wala msifikiri kuziondoa kabisa. Marekani wako waliowakata paka kiungo cha mwisho cha kila kidole ili viti vyao visichanwe, hata jimbo la New York likakataza jambo hilo mwaka 2019.

Nami nawaungamia hili. Katika darasa langu alikuwako mvulana asiyetaka kusoma kwa sauti, nami nalimsimamisha kwa ukali mara nyingi, nikamwita mkaidi. Baada ya habari hizi nalimketisha karibu nami, nikamwuliza taratibu. Kumbe haoni vema maandiko ya ubaoni, naye aliona haya kusema.

Bi Kizee yu hai. Kila baada ya majuma matatu mke wangu humshika, mimi hukata, na binti yetu hushika bakuli la dagaa.