Kiingereza cha Kuazima



Wengi katika wasomaji wetu wana mtoto chuo kikuu, au wanamtarajia kwenda. Huzungumza naye juu ya karo, malazi, stara na marafiki. Juu ya lugha hatuzungumzi, na huko ndiko wengi wao waanzako kujikwaa.

Mtoto wetu husomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la 4, lakini nyumbani, barazani na madrasa lugha hiyo haina kazi. Hukijua Kiingereza cha kujibia mtihani. Afikapo chuoni huambiwa aandike kurasa 10 juu ya uvuvi au sheria za ardhi. Hufungua kitabu, akakielewa vyema. Twasema akakielewa, kwani ukimuuliza kwa Kiswahili atakueleza yote yaliyomo. Kisha huitazama sentensi ya kitabu, akaitazama yake, akaona haya. Basi huchukua ile ya kitabu, akabadilisha maneno 2 au 3, akaitia katika kazi yake bila ya kumtaja mwenyewe. Hakukusudia wizi, haya tu ndiyo iliyomsukuma. Muhula ufuatao huwa ni aya nzima, na ule wa baadaye hulipa mtu amwandikie.

Na wa kumwandikia yuko karibu. Kenya yetu imejulikana ulimwenguni kwa biashara hii. Vijana waliohitimu, wenye Kiingereza kizuri na wasio na ajira, hukesha wakiwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Uingereza na Marekani, watu wasiowaona wala kuwajua. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 imeyaonyesha maisha yao kupitia kwa Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Kenya. Australia ilipitisha sheria ya kukataza uuzaji wa kazi hizo mwaka 2020, na England mwaka 2022. Biashara haikufa.

Mama mmoja alitujia baada ya darsa. Binti yake yu mwaka wa 3, na kwa uandishi huo amekuwa akijilipia karo, yeye na mdogo wake, tangu maradhi yalipomzuia baba yao kwenda baharini. “Sheikh,” akasema, “mwanangu haibi. Anafanya kazi kwa jasho lake, usiku kucha macho. Pesa hizi ni halali au si halali? Na ukiniambia si halali, niambie pia tutakula nini.”

Sehemu ya pili ya swali lake ni nzito kuliko ya kwanza. Ya kwanza tulimjibu hivi. Cheti cha chuo kikuu twakiita shahada, na neno hilo ni lile lile la kutoa ushahidi. Chuo kinasimama mbele ya watu kushuhudia kwamba fulani anajua kutibu, au kusomesha, au kuhesabu mali za watu. Anayemwandikia mwingine kazi yake amesaidia ushahidi huo uwe wa uongo, na atakayedhurika ni mgonjwa au mwanafunzi asiyejua lolote. Jasho la binti ni jasho kweli, lakini jasho halihalalishi bidhaa. Hata atiaye maji katika maziwa huamka alfajiri. Wasomaji wanakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono wake katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, na yale aliyomwambia mwenye lundo.

Ama chakula, tulimwambia kwamba Kiingereza kile kile chaweza kuuzwa kwa njia iliyo wazi: kuwasomesha jioni watoto wa mtaani wanaojitayarisha kwa mitihani, kutafsiri barua na mikataba, kuwaandikia wenye maduka matangazo yao. Hakitalipa kama kile, na hilo hatukumficha. Kwa hiyo karo ya mdogo wake tukaipeleka mbele ya kamati ya zaka. Kumwambia mtu riziki yake si halali kisha kumwacha na deni mlangoni ni jambo jepesi mno kwetu sisi wenye kanzu. Wanakamati walioona kwamba zaka ni ya unga na mchele peke yake tulivutana nao kwa wiki 2. Karo ya muhula huu imepatikana. Ya muhula ujao tungali twaizungumza.

Tumrudie yule mwenye haya. Katika madrasa, mtoto asomaye kwa sauti akakosea hukatizwa na mwalimu, akarudia, akakatizwa tena, hadi ulimi ukanyooka. Yule achezeshaye midomo katikati ya wenziwe hasikiki akikosea, na humaliza mwaka mikono mitupu. Kiingereza nacho ndivyo kilivyo. Na afunge kitabu, amweleze nduguye kwa Kiswahili alichokisoma, kisha akiandike kwa Kiingereza chake hicho hicho kibovu, ndipo akifungue kitabu ahakikishe, na aandike jina la mtungaji na ukurasa. Sisi umma wa isnadi, ambao wanazuoni wetu hawakupokea hadithi mpaka wajue imetoka kwa nani, hatupaswi kuona kutaja chanzo kuwa ni desturi ya kigeni.

Marehemu Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, mwana wa Sheikh al-Amin aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipata matokeo duni katika mtihani wa Cambridge mwaka 1949, na Makerere ikamkataa. Alisoma baadaye Manchester, Columbia na Oxford, akawa profesa katika Makerere ile ile.

Siku hizi kuna ChatGPT, iliyotoka mwishoni mwa 2022, na haimtozi mtoto hata shilingi. Kuiuliza maana ya neno, au kwa nini sentensi yake ina kosa, ni sawa na kumuuliza mwalimu, maadamu mhadhiri ameruhusu. Kuiambia imwandikie ni jambo jingine. Na wasio na hatia nao wajilinde: watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu za kugundua maandishi ya mashine zilizituhumu kimakosa zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa hiyo mtoto asifute rasimu zake. Azihifadhi zote, pamoja na makosa yake, ili akituhumiwa awe na cha kuonyesha.

Binti wa yule mama husomesha hivi sasa watoto 6 barazani kwao, Jumamosi baada ya Alasiri. Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza nao wameanza kwenda na rasimu zao. Yeye huwaonyesha kosa lilipo, na kulisahihisha huwaachia wenyewe.