Uzito Si Joto: Funzo la Baridi ya Julai Mtaani Jericho

Ukishuka matatu kwenye Barabara ya Jogoo na kuingia Soko la Uhuru, utalakiwa na mlio wa vyerehani. Hapa hushonwa sare za shule, na chini ya meza utaona vipande vya kila rangi: bluu, kijani, kijivu, maruni. Julai moja nilijaza gunia la vipande hivyo, nikavipeleka nyumbani Jericho, karibu na hapo.

Mamangu alikuwa amekuja kutoka mashambani kutibiwa kifua. Wengi hudhani Nairobi haina baridi kwa kuwa iko karibu na ikweta. Wanasahau kwamba jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai sakafu ya simiti huuma miguu.

Nilishona mfuko mpana, nikaujaza vipande vilivyokatwakatwa. Ulikuwa mzito ajabu, lakini mama alitetemeka vile vile. Nilipoufua, vipande vyote vilikimbilia pembe moja na rangi ya maruni ikaharibu shuka.

Fundi mmoja sokoni alinihurumia. "Mama, uzito si joto," aliniambia. "Kinachompa mtu joto ni hewa iliyonaswa ndani."

Basi, msomaji, fanya alivyonielekeza. Fua vitambaa kabla ya kukata, ili vya pamba vinywee mapema. Vyenye rangi kali viloweke peke yake hadi maji yabaki safi, kisha upige pasi. Usiunganishe kitambaa kizito cha suruali na chepesi cha shati, kwani kizito hukirarua chepesi.

Kuhusu cha kutia ndani, sufi inayojazwa kwenye mito huko Pwani ni nyepesi na ina joto, ila ukiifua hushikana madonge. Kwa anayefua kwa karai, blanketi kuukuu ndilo bora. Litandaze katikati, kisha ushone mistari inayopenya tabaka zote tatu, kila baada ya shibiri moja, lisisogee.

Nilitoa blanketi langu la shule ya bweni. Usiku huo mama alilala fofofo. Asubuhi alipapasa ukingo niliosahau kuushona, akachungulia.

"Hili si lile nililokununulia ukienda shule?"

Lilikuwa lile lile. Ndiyo maana wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.