Farasi wa Mto na Kiboko cha Ukutani



Twapenda mwezi huu kuwasimulia mazungumzo yaliyopita nyumbani kwetu hapa Mwanza, mazungumzo yaliyoanza kwa kicheko yakaishia mahali tusipopatarajia. Mpwa wetu, binti wa dada yetu, ni muuguzi, naye yu katika kujifunza Kijerumani kwa nia ya kwenda kufanya kazi katika hospitali za huko. Jioni moja baada ya sala ya Alasiri alikuja kututazama, daftari lake mkononi, tukaketi naye barazani, ziwa likiwa mbele yetu. Tukamwambia, "Haya mwanangu, tusomee, nasi tupate kuelimika."

"Mjomba," akasema, "lugha hii ni ngumu, lakini ina maneno ya kuchekesha."

Akaanza na glavu. Wajerumani huiita Handschuh. Hand ni mkono, na Schuh ni kiatu, yaani kiatu cha mkono. Kile kifuniko cha chuma avaacho mshona kofia kidoleni ili asichomwe na sindano, wao hukiita Fingerhut, kofia ya kidole. Ufizi ni Zahnfleisch, nyama ya meno. Kobe maskini ni Schildkröte, chura mwenye ngao. Nungunungu ni Stachelschwein, nguruwe wa miiba, na hapo tukasema, "Astaghfirullahi, mnyama wa watu kakosa nini?" Kisha akafika kwa kiboko. Huyo jina lake ni Flusspferd, farasi wa mto.

Kwa kweli tulicheka hata chai ikamwagika. Sisi tukaao kando ya ziwa hili twamjua kiboko. Twajua jinsi atokavyo majini usiku kuja kula mimea ya watu, na jinsi mvuvi mwenye mtumbwi anavyomwogopa kuliko mamba. Nani atakayemtia huyo lijamu na kumpanda?

Tulipotulia tukatazama jinsi maneno hayo yalivyofungwa, kwa kuwa ualimu haumwachi mtu hata barazani. Kijerumani hushika neno na neno na kuyaunga bila ya "wa" wala "cha" katikati, na mwenye kumilikiwa hukaa mwisho. Sisi twasema "farasi wa mto". Wao wasema "mto-farasi". Basi atakaye kujua kitu chenyewe ni nini hana budi kungoja mkiani mwa neno. Yote yaliyotangulia ni sifa zake. Katika Kiarabu mambo ni kama kwetu: mudhafu hutangulia na mudhafu ilayhi hufuata.

Na hapo ndipo tulipojikuta tumenaswa. Maana Waarabu nao humwita kiboko faras-un-nahr, na maana yake ni ile ile, farasi wa mto! Wayunani wa kale ndivyo walivyomwita pia. Neno hilo la Kiarabu tumelijua miaka mingi, wala siku moja hatukulicheka. La Waarabu tumelizoea, kwa hiyo twaliona lina hekima. La Wajerumani ni geni kwetu, kwa hiyo twaliona ni mzaha.

Mpwa wetu akatuuliza, "Na Mjerumani akijifunza Kiswahili, Mjomba, yeye hatacheka?"

Tukaanza kuhesabu. Pundamilia ni punda aliyetiwa milia. Batamzinga ni bata aliyepewa mzinga, wala hajapata kuupiga. Chakula cha asubuhi ni kifungua kinywa, kana kwamba usiku kucha kinywa kilitiwa kufuli. Mjerumani husema Frühstück, yaani kipande cha mapema. Mjusi wa ukutani twamwita mjusi kafiri, na sisi walimu twaijua hadithi ya kwamba aliupuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahim, alayhi salamu. Lakini mgeni asiyeijua atashangaa mjusi huyo alikufuru lini. Sheikh mwenye ndevu nyeupe twamwita mwanachuoni, yaani mwana wa chuoni, mpaka aingie kaburini. Na hiyo si dharau, ni heshima, kwa sababu elimu haina mwisho.

Kubwa kuliko yote ni chombo cha safari za angani. Mjerumani hukiita Flugzeug, chombo cha kuruka, naye amesema kweli. Sisi twakiita ndege. Basi mahujaji wetu huingia tumboni mwa ndege, wakatua Jeddah wazima, nasi hatuoni ajabu! Lakini tukapata mahali pa kujitetea. Kile chombo cha mnarani msikitini, Mjerumani hukiita Lautsprecher, msemaji wa sauti kubwa. Sisi twasema kipaza sauti, nasi ndio wasema kweli, kwa kuwa chombo hakisemi. Asemaye ni muadhini.

Mwenyezi Mungu ametufunza katika Sura ar-Rum, aya ya 22, ya kuwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara zake. Ishara hutazamwa na kuzingatiwa. Kucheka si haramu, lakini acheke mtu akijua kwamba yeye naye huchekesha.

Tulidhani mazungumzo yamekwisha. Mpwa wetu akafunua karasa nyingine, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Liko neno moja, Mjomba, ambalo sikulicheka." Akalisoma: Nilpferdpeitsche.

Tukalivunja pamoja. Nil ni Mto Nili, ule utokao katika ziwa letu hili kule Jinja. Pferd ni farasi. Farasi wa Nili ni jina jingine la kiboko. Na Peitsche ni mjeledi. Basi neno zima ni mjeledi wa ngozi ya kiboko, ambao sisi kwa Kiswahili twauita kwa jina la mnyama mwenyewe: kiboko.

Hapo kicheko kilikatika. Wasomaji vijana hawana budi kujua kwamba mji huu wa Mwanza ulifanywa kituo cha serikali ya Wajerumani mwaka 1892, na jiwe kubwa lisimamalo majini karibu na mjini laitwa mpaka leo kwa jina la Bismarck, aliyekuwa kansela wao. Walituachia neno shule, ambalo ni Schule yao, na neno hela, ambalo lilikuwa sarafu yao, mia kwa rupia moja, tangu mwaka 1904. Na walikitumia sana kiboko. Amri iliyotolewa mwaka 1896 ilisema mtu asipigwe zaidi ya mara 25 kwa wakati mmoja, na watu wakaijua hesabu hiyo kwa jina la hamsa wa ishirini.

Marehemu babu yetu alikuwa mtoto wakati Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916. Alikuwa akisema ya kwamba baba yake alilazwa chini na askari wa Mdachi akapigwa hamsa wa ishirini kwa ajili ya mzigo uliochelewa, na tangu siku ile hakupenda tena kuvua kanzu yake mbele ya wanawe. Sisi tulipata habari hiyo tungali wadogo. Lakini jioni ile ndipo tulipolitazama neno lenyewe. Limeutaja mto, likamtaja farasi, likautaja mjeledi, kila kitu wazi na mahali pake; mgongo wa mtu halikuutaja.

Mpwa wetu akasema, "Nisamehe, Mjomba, nikikwambia jambo."

"Sema, mwanangu."

"Wenzangu darasani walilicheka neno hili kwa urefu wake. Mimi nilikumbuka kile kiboko chako cha ukutani."

Ndugu wasomaji, katika chuo chetu, juu ya ubao, palitundikwa fito wa mpera. Haukuwa na ngozi ya mnyama hata chembe, lakini watoto wote waliuita kiboko, nasi pia. Mpwa wetu alisoma kwetu. Akatuambia kwamba alipokuwa na umri wa miaka minane alishindwa kutofautisha qafu na kafu, tukampiga vidoleni mara tatu, na siku nne zilizofuata alimwambia mama yake kwamba tumbo lamwuma, kwa kuogopa kuja chuoni.

Sisi hatukukumbuka hata kidogo. Tulimkumbuka yeye kuwa miongoni mwa wanafunzi wema. Tulitaka kumjibu ya kuwa nasi tulipigwa na walimu wetu, na walimu wetu walipigwa na wao, na ndivyo tulivyohifadhi. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Kisha tukamkumbuka baba yake babu yetu na kanzu yake, tukanyamaza. Tukaona kwamba sisi, tulioketi kumcheka Mjerumani kwa kusema mno kila kitu kilivyo, tulikuwa na neno fupi lisilosema kitu. "Kiboko" ni mnyama, ni mjeledi, ni fito wa mpera. Na kidole cha mtoto nacho hakimo.

Tukakumbuka pia tunayoyafundisha kila mwaka, ya kwamba Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, alimtumikia Mtume wetu, sala na amani zimshukie, miaka kumi tangu utotoni, wala hakuambiwa naye hata neno "uff". Jambo hili tumelisomesha kwa sauti nzuri, na fito umening'inia juu ya vichwa vyetu.

Tulimwomba mpwa wetu radhi. Alilia kidogo, kisha akamimina chai iliyosalia.

Usiku ule tuliuondoa fito. Hatutawadanganya kwamba tangu hapo watoto wamekuwa malaika. Kelele zimezidi, na wako wawili ambao yatupasa kukaa nao baada ya wenzao kwenda, herufi kwa herufi, mpaka karibu na Magharibi. Kazi ni kubwa kuliko ya kupiga. Lakini qafu yao inatoka vizuri, nao huja wenyewe bila ya kuburutwa.

Basi twawasihi wazazi na walimu wenzetu: tazameni maneno mnayoyatumia majumbani, hasa yale mafupi mliyoyazoea, mwulizane yanamgusa nani.

Asubuhi ya pili yake, mtoto mmoja mdogo alitazama ukutani akauliza, "Maalim, kiboko kiko wapi?" Tukamjibu, "Kimerudi ziwani."

Wabillahi taufiki.