Tovuti ya laki saba

Nimepotea karibu mwezi mzima na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo limenikaa kooni, kila nikikaa kuandika kitu kingine linakuja lenyewe. Leo nalitoa niendelee na maisha.

Nina rafiki yangu anaishi Kwa Mfipa, Kibaha. Tulisoma chuo kimoja, mimi habari, yeye kompyuta. Kazi yake ni kutengeneza tovuti. Ofisi hana. Ofisi ni meza ya kulia chakula nyumbani kwa dada yake, na laptopu ambayo kioo chake kimeegemezwa na tofali kwa sababu bawaba zimekatika. Ukimpigia simu na wewe ni mteja, anatoka nje kwanza ili usisikie watoto.

Mjini, nikisema mjini nina maana Posta, Mikocheni na kwingineko kwenye lifti, kuna kampuni zinazofanya kazi hiyo hiyo. Zinakuandikia profoma ya milioni mbili au tatu. Wateja wengi hawajui kwamba mara nyingine kazi ile ile inateremka Morogoro Road na daladala mpaka kwenye ile meza ya chakula. Mwaka juzi kampuni moja ilimpa tovuti ya kutengeneza kwa laki nne. Baadaye akaja kuona kwa bahati mbaya ankara waliyompa mteja: milioni mbili na nusu. Nilitegemea atakasirika. Akaniambia, "Mwanangu, wao wanalipa pango, na wao ndio wamempata mteja. Mimi ningempata wapi?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Programu ya WordPress ni bure tangu ilipotoka mwaka 2003, na leo tovuti nyingi duniani zinaendeshwa nayo. Mtu mwenye akili timamu na bando anaweza kuijifunza. Mteja ndiye hajifunzwi.

Utasema aende halmashauri. Huko mlango umefungwa, na sisemi kwa ubaya. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa kwa mfumo mmoja wa Serikali Mtandao, ndiyo maana ukifungua ya Kibaha na ya Kisarawe ni mapacha, zimetofautiana picha tu. Kwa mlipa kodi ni nafuu. Kwa rafiki yangu ni wateja waliopungua. Viwanda je? Kibaha imejaa viwanda, lakini anayeamua mambo ya tovuti hakai Kibaha, pengine hata Tanzania hakai. Wanabaki wenye zahanati, SACCOS, makanisa, lodge na shule binafsi. Mwenye lodge mmoja wa Maili Moja alimwambia ana Instagram, tovuti ya nini? Mimi naona yule mzee alikuwa sahihi kabisa, ila sikusema.

Shule ndizo wateja wazuri. Shule inataka fomu za kujiunga zipatikane mtandaoni, inataka barua pepe yenye jina lake badala ya Gmail ya mhasibu, na inataka wazazi wa Dar wakiitafuta waione.

Basi mwaka jana nilienda Kisarawe kikazi, nikapita kwenye shule moja binafsi (jina ninalo, silitaji). Katika mazungumzo mkurugenzi akalalamika kwamba shule za wenzake zina tovuti na yake haina. Mimi nikaona riziki ya rafiki yangu hiyo inapita. Nikamwambia, "Mzee, nina kijana." Nikiwa nimevaa kitambulisho cha gazeti shingoni. Mkumbuke hicho kitambulisho.

Rafiki yangu aliomba milioni moja na laki mbili. Mkurugenzi akacheka, akasema laki tano. Wakakutana laki saba, nusu kabla ya kazi, nusu baada. Hakukuwa na mkataba, ni ujumbe wa WhatsApp na kupeana mikono.

Ngoja niwape hesabu ya ile nusu ya kwanza, kwa sababu watu wanadhani hawa vijana wanachota hela. Laki tatu na nusu iliingia kwenye simu. Jina la tovuti la .co.tz, elfu 25. Mahali pa kuihifadhi kwa mwaka, laki na ishirini. Bando na nauli, elfu 45. Nauli siyo mchezo, maana Kibaha na Kisarawe zote ni mkoa wa Pwani lakini mtu wa daladala anapita Dar es Salaam: Mbezi, Kinyerezi, Gongo la Mboto, Pugu, ndipo upande Kisarawe. Alienda mara nne kupiga picha na kufuata majina ya walimu ambayo hayakuwa tayari. Halafu kuna elfu 50. Hiyo ilikuwa cha juu yangu.

Ndiyo, nilichukua. Anayeleta mteja anapewa chake, ndio utaratibu wa mtaani, na mimi mwenyewe nalipwa kwa habari iliyochapishwa. Kuna miezi inakuwa mirefu. Toa vyote hivyo, yeye alibaki na laki na elfu kumi kwa kazi ya wiki tano. Maandishi ya tovuti niliyaandika mimi: "Karibu katika shule yenye mazingira tulivu." Nikajisifu moyoni kwamba elfu 50 nimeifanyia kazi.

Tovuti ikawa hewani Novemba. Nzuri, wallahi, inafunguka haraka hata kwenye simu ndogo. Nusu ya pili haikuja. Mara mhasibu anaumwa. Mara risiti ya EFD iko wapi, na rafiki yangu mashine hiyo hana. Mara serikali inataka kodi ya zuio. Hilo la zuio ni kweli, kwenye huduma ni asilimia 5, lakini asilimia 5 ya laki tatu na nusu ni elfu 17 na mia tano, haizuii hela yote kutoka.

Desemba nikampigia mimi. "Shikamoo mzee." Akaitikia vizuri tu, akaniuliza habari za kazi. Nikaeleza kilichonipigisha simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mwandishi, na ile stori yetu inatoka lini?"

Nikauliza stori gani. Akanishangaa. Stori ya shule: maabara mpya, mabweni, mkurugenzi na picha yake. Yeye tangu mwanzo alielewa kwamba laki saba ni ya tovuti na gazeti pamoja. Asingempa kijana asiyemjua wa Kibaha laki saba kwa tovuti peke yake, alisema hivyo bila kuona aibu, na sijui kwa nini angeona. Kijana aliletwa na mwandishi, na mwandishi alikuwa amevaa kitambulisho.

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilikaa kwenye ngazi za chumba cha habari nikijaribu kukumbuka kama nilimwahidi kitu. Sikuahidi. Lakini nilipokuwa nasema "nina kijana" nilijua vizuri kwa nini ananisikiliza, na sikumsahihisha.

Rafiki yangu nilipomweleza alisema, "Sasa si uiandike tu? Maabara ipo. Siyo uongo." Ni kweli maabara ipo, niliiona. Ningeiandika kwa jioni moja, mhariri angeipitisha ukurasa wa mikoani bila swali, na mtu angelipwa haki yake. Dada yake alikuwa ameshaanza kuuliza habari za mchango wa umeme. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, siyo maadili niliyofundishwa chuo.

Sikuandika. Nikamrudishia zile elfu 50, na Januari na Februari nikampa laki moja moja kutoka mfukoni. Inabaki laki na nusu ya nusu ya pili, anasema niache, lakini naona hanipigii kama zamani, na alipopata kazi ya zahanati huko Mlandizi nilisikia kwa mtu mwingine. Angeweza kuizima tovuti, maana jina amelisajili kwake na funguo zote anazo. Nilimuuliza kwa nini hakuizima kipindi cha usaili wa kidato cha kwanza, wakati ambapo ingewauma. Akasema kuna wazazi wanatafuta fomu mle, na pia ndiyo kazi anayowaonyesha wateja wapya.

Malipo ya mwaka ya tovuti yanaisha mwezi ujao. Taarifa imekuja kwenye barua pepe yake, siyo ya shule. Juzi usiku kanitumia ujumbe mmoja tu: "Nilipie au niiache ife?"

Sijamjibu.